Mkono wa Ukingoni

Video ya kampuni ilikuwa ya sekunde nne tu. Ishaka Mbwana aliiangalia mara tatu kwenye kompyuta ya Simiyu, huko Midrand, nje kidogo ya Johannesburg, katika ofisi ya ghorofa ya pili yenye ukuta wa kioo, ule wa kumwezesha mkubwa kuwaona watu bila kuwasikia.

Katika sekunde hizo nne Suhaib alikuwa hai. Alikaa upande wa nyuma wa boti la mpira, mahali pa mwongozaji, helmeti nyekundu kichwani, kafi limelazwa mapajani. Nyuma yake zilisimama kuta za korongo, mawe matupu ya rangi ya kutu, jangwa ambalo hata mbuzi angelikataa, na katikati ya ukame huo Mto Orange ukipita mnene, wa kahawia, kama uliokosea njia. Suhaib akainua chupa ndogo ya plastiki. Akaipeleka mdomoni. Video ikakatika.

"Umeona mwenyewe, mzee," alisema Simiyu. Alikuwa Mkenya, msimamizi wa safari za kampuni, shati limenyooka kola mpaka mkono. "Sekunde chache kabla ya maporomoko, jamaa anakunywa. Boti inaingia upande mbaya, inagonga jiwe, inapinduka. Wageni watano wanaokolewa, yeye anabanwa chini ya jiwe siku nne. Pole sana kwa familia. Lakini ni hivyo tu."

"Anakunywa nini?"

"Si ripoti imesema?"

"Ripoti imesema pombe. Nakuuliza wewe. Uliionja?"

Simiyu alishusha pumzi. "Mzee, hii maneno tulimaliza. Polisi walikuja. Watu wa bima walikuja. Wewe unatoka wapi tena?"

"Chama cha mazishi cha Watanzania, Bertrams."

"Chama cha mazishi siku hizi kinachunguza?"

"Sisi ndio tunaoosha maiti, bwana Simiyu. Anayeosha huona."

Ishaka alitoa daftari lake mfukoni. Aliwahi kuwa askari wa upelelezi Tanga miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa mlinzi wa geti, lakini tabia ya daftari ilikataa kufa. Alisoma taratibu. Mzee Bakiri, aliyemwosha Suhaib, aliona alama za mikanda ya jaketi la kuokolea kifuani na mabegani. Mikanda minne, alama nne. Zote zilikuwa zimefungwa na kukazwa.

"Mlevi hakazi mikanda minne," Ishaka alisema. "Mlevi hata mshipi wa suruali unamshinda."

"Hiyo si ushahidi."

"Sawa. Hospitali walisemaje kuhusu pombe?"

"Walisema mwili ulikaa majini sana, vipimo haviwezi kusema kitu."

"Kwa hiyo neno *mlevi* halikutoka hospitali. Lilitoka humu ndani."

Simiyu aliutazama mlango wa mkubwa wake. Ulikuwa umefungwa. Milango ya aina ile hufungwa siku ya kuulizwa. Siku ya kutoa amri huwa wazi.

Na neno lile moja ndilo lililomleta Ishaka Midrand kwa teksi mbili. Lilikuwa limefika Pangani kwa simu, likaingia msikitini kabla halijaingia nyumbani, na tangu siku hiyo Bi Zabibu, mama yake Suhaib, alikuwa hajatoka nje. Arobaini ilikuwa Ijumaa. Leo Jumanne. Bi Zabibu alisema hataki watu wakusanyike kwake kumsomea mwanawe mpaka ajue amekufa akiwa nani. Shufaa, mjane wa Suhaib, alimwambia Ishaka: "Kaka, mimi sidai kitu kwao. Nataka neno lile lifutwe kabla ya Ijumaa. Basi."

Ishaka alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza, akaigeuza imwelekee Simiyu.

"Mgeni aliyepiga video ile anaitwa Cheryl. Kamera ilikuwa kwenye helmeti yake, akageuka nyuma kumtazama Suhaib. Amemtumia mjane video nzima. Yako ni sekunde nne. Yake ni kumi na sita. Tazama."

Suhaib akapeleka chupa mdomoni, mashavu yakajaa. Hakumeza. Aligeuka, akatema maji yote mtoni, akapangusa ndevu kwa kiganja. Kisha akatazama mbele, juu kidogo, kama mtu aliyeona mtu. Akainua kafi wima kabisa, akacheka, akapaza sauti, na boti likageuka. Halafu povu. Halafu mbingu.

"Mlevi gani anatema pombe?" Ishaka aliuliza.

Simiyu alirudisha video mwanzo, akaitazama tena.

"Na pale mwisho alikuwa anamwinulia nani kafi?"

"Labda mtu wa usalama. Kila safari kuna mtu wa usalama ukingoni, kwenye ile rapidi kubwa, pale maji yanaporomoka. Anasimama juu ya mwamba na kamba. Ni sheria."

"Siku ile alikuwa nani?"

Simiyu alifungua jalada, akasukuma karatasi. Safu ya mwisho iliandikwa: Usalama wa ukingoni, Nassir Faki. Ishaka aliipiga picha.

"Nassir yuko wapi?"

"Alitoka kazini."

"Alitoka, au alitolewa?"

"Mzee," Simiyu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, "mimi naandika vile naambiwa. Niko na watoto watatu shuleni."

"Suhaib alikuwa naye mmoja," Ishaka alisema, akainuka.

*

Nassir alikuwa akiosha magari kwenye kiwanja kilicho chini ya uwanja wa Ellis Park. Mzanzibari mrefu, mabega ya mtu wa kafi, sasa ameshika mpira wa maji na sponji.

"Shikamoo mzee Ishaka. Umeleta gari?"

"Marahaba. Gari langu ni miguu. Nimeleta swali."

"Basi miguu naiosha bure, swali sijui." Akacheka, kisha akaiona sura ya Ishaka, akaacha. "La Suhaib?"

"La Suhaib. Siku ile ulisimama ukingoni?"

"Nani? Mimi?" Nassir alitupa sponji ndani ya ndoo. "Yakhe, hata wewe? Hilo ndilo swali nililowauliza wao wakanifukuza! Nimekuta jina langu kwenye karatasi, nikasema vipi, mimi siku ile nilikuwa hapa hapa Johannesburg. Walimfukuza dereva, wakanileta mimi kupokea wageni Park Station."

"Una kitu cha kuonyesha?"

Nassir alipangusa mikono kwenye suruali, akatafuta kwenye simu. Ujumbe wa sauti, tarehe ileile, saa nne asubuhi. Sauti ya Simiyu ilitoka wazi: "Nassir, uko Park? Wageni wanalalamika huko kwa robot, pale taa za barabarani. Harakisha, sharp?"

Ishaka aliandika saa. Boti lilipinduka saa nne na nusu. Kutoka Park Station hadi mtoni ni zaidi ya kilomita elfu moja. Simiyu alijua mtu wake yuko wapi, na bado aliandika jina lake kule.

"Sasa nifundishe," Ishaka alisema. "Mimi nimezaliwa karibu na maji lakini ya mto wenu siyajui. Kwa nini alitema?"

Nassir alichukua matofali mawili. Moja akaliweka katikati ya lami iliyoteremka, jingine pembeni, akafungua bomba. Maji yakashuka, yakagawanyika.

"Kuna rapidi tisa pale korongoni, na kila moja ina jina na tabia yake. Ya kwanza tunaiita Salamu, kwa kuwa inakulowesha kidogo tu, inakukaribisha. Kuna Mkwe Mkali. Hiyo unaipita umeinamisha kichwa, matawi yanakuchapa. Ya saba ndiyo hii." Alionyesha matofali. "Wanama, wenye nchi yao kule, wana jina lake lakini hawatuambii. Sisi tuliiita Kinu, na jiwe lake Mchi. Wanasema zamani kilimeza ngamia wa polisi wa Kijerumani na mizigo yake. Maji yakishuka sana, unasikia kengele ya shingoni."

"Wewe uliisikia?"

"Sikuisikia. Lakini nikifika pale sipigi soga. Na jina lake hulitaji ukiwa juu yake, mpaka umekipita. Ukiwa botini unasema Yule. Basi, kabla ya Yule, mwongozaji anachota maji ya mto kwa chupa, anajaza mdomo, anayarudisha. Yaani nimekuonja nikakutema. Na wewe ukinionja, niteme. Suhaib alikuwa anaanza na bismillahi. Nikamwambia we bwana, hiyo si shirki? Akasema, mimi nasukutua tu, Mwenyezi Mungu anajua nia." Nassir alicheka peke yake, akanyamaza. "Ndiyo hayo waliyoyaita pombe?"

"Ndiyo hayo."

Nassir aliyatazama maji yakipita.

"Nionyeshe alikosea wapi," Ishaka alisema.

"Kinu kina njia mbili. Upande wa Namibia, ng'ambo ya mto, kunapiga kelele, povu jeupe, mgeni anapiga yowe. Upande wa huku kumenyamaza, maji yamelala kama kitambaa. Kinu kinasema uongo, mzee. Penye kelele unapita. Palipo kimya ndipo lilipo jiwe, limechimbwa chini, maji yanaingia chini yake na hayatoki haraka."

"Suhaib hakulijua hilo?"

"Suhaib? Alinifundisha yeye!"

"Basi kwa nini aliingia palipo kimya?"

Nassir alilisogeza tofali kidogo kwa mguu. Maji yakabadili njia. "Kwa sababu ya hiki. Bwawa la juu lilikuwa limefunguliwa juzi yake, maji yamepanda. Maji yakipanda, njia inaweza kuhama. Pa jana si pa leo. Na Yule yuko nyuma ya kona, botini humwoni mpaka umefika mdomoni mwake. Zamani tulikuwa tunatua, mwongozaji anapanda mwamba, anatazama mwenyewe, anarudi. Wakubwa wakakataza. Wakasema kutua kunakula nusu saa, wageni wa mchana wanangoja. Wakasema mtu mmoja asimame juu ya mwamba aonyeshe kwa mkono, yatosha."

"Anaonyeshaje?"

"Maji yanapiga kelele, husikii hata bunduki. Unaona mkono tu. Na mkono una sheria moja." Nassir alinyoosha mkono wake uliolowa, ukaelekea upande ambao maji yalipita bila kugusa tofali. "Mkono wa ukingoni hauonyeshi hatari. Kamwe. Unaonyesha pa kupita. Jiwe halionyeshwi. Ukiuona mkono unainua kafi wima, maana yake nimeona, naenda. Hubishani. Aliye juu ndiye mwenye macho. Wewe chini una mikono tu. Ukisita pumzi mbili umekwisha."

Ishaka aliacha kuandika. "Suhaib aliinua kafi."

"Basi aliona mkono."

"Na akaenda upande wa huku."

"Basi mkono ulikuwa upande wa huku." Nassir alikunja uso. "Lakini mwongozaji gani angeuweka pale?"

"Mtu asiyeijua sheria yenu, akiliona jiwe, angefanya nini?"

"Asiyeijua hawekwi ukingoni."

"Akiwekwa?"

Nassir aliinama, akafunga bomba. Maji yakaisha taratibu juu ya lami, tofali likabaki peke yake.

"Pale kambini siku ile walikuwapo nani?"

"Mimi niko hapa. Wengine walikuwa safari ya juu. Amebaki Suhaib... na Ignace." Alilitamka jina hilo kwa shida. "Mpishi. Mkongo wa Bukavu. Yeye na Suhaib walikuwa chanda na pete, mzee. Walikuwa wanakula sahani moja."

*

Lifti ya jengo la Joubert Park ilikuwa imekufa miaka mingi, na mwenye jengo anaishi mahali ambapo lifti hazifi. Jumatano asubuhi Ishaka alipanda ghorofa tisa kwa ngazi, akipumzika kila ghorofa ya tatu. Ignace, aliyekuwa amerudi mjini tangu ajali, alimfungulia akiwa na mwiko mkononi. Chumba kilinuka sombe, kisamvu cha kwao, na mafuta ya mawese. Nyuma ya mlango ilining'inia jaketi nyekundu ya kampuni.

"Karibu, papa. Kaa. Utakula?"

"Nitakula baadaye. Nimekuja kwa ajili ya Suhaib."

Uso wa Ignace ulifunga kama duka. Alirudi kwenye jiko, akakoroga.

"Mi sina neno juu ya Suhaib."

"Hukuja kumzika. Watu waliuliza."

"Sikuja. Sikutaka." Alikoroga kwa nguvu. "Banasema alikuwa amelewa. Sawa. Mi nasema ndiyo, alikuwa amelewa. Ama alikuwa na wazimu. Moja katika zile mbili."

Ishaka hakutegemea kulisikia neno hilo mdomoni mwa rafiki. "Ulimwona akinywa?"

"Hapana. Suhaib hakunywa hata siku moja, vraiment, kweli."

"Basi kwa nini unasema hivyo?"

Ignace aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Sababu nilikuwa pale, papa! Mi njo nilikuwa juu ya mwamba! Patron, ule mkubwa, alipiga simu kambini, akasema Nassir hayuko, vaa jaketi nyekundu, chukua filimbi, enda kusimama. Nikasema mi ni mpishi. Akasema mpishi hana macho? Nikaenda. Nikaona boti inatoka kwa kona. Nikaona lile jiwe. Nikamuonyesha! Kwa mukono yote! Na yeye ananiangalia, ananicheka, anainua kafi yake, na anaenda kwa jiwe. Moja kwa moja! Mutu mwenye akili, rafiki yako anakuonyesha kifo, wewe unaenda?"

"Baada ya hapo kampuni walikuambia nini?"

"Wakasema nyamaza. Wakasema ukiongea, polisi wataanza na karatasi zako. Na karatasi zangu, papa, unazijua." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Siku nne nilikaa pale chini nikingoja mto umuteme. Nikamutukana. Nikasema, Suhaib, umenifanyia nini?"

Daftari lilikuwa limefunguka magotini mwa Ishaka na kalamu haikusogea. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kuandika: *alama ilitolewa, marehemu aliitikia*, akaondoka, na mtu huyu akabaki na hasira yake, maana hasira ni mzigo unaobebeka. Lakini maneno hayo peke yake yangemtia Suhaib hatiani zaidi. Kampuni ingesema: mnaona, alionyeshwa, akaasi. Ili neno *mlevi* lifutike, ilibidi ijulikane mkono ulionyesha nini. Ndivyo ilivyo kila mahali. Wakubwa wanakosea, wadogo wanagawana kosa.

"Ignace. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Simama pale dirishani, ndio mwamba wako. Kigoda hiki ndilo jiwe." Alikiweka katikati ya chumba, karibu na dirisha. "Huku karibu nawe ni upande wetu. Kule kwenye kitanda ni Namibia. Mimi ni boti, natokea mlangoni."

"Papa, huu ni mchezo?"

"Si mchezo."

Ishaka alitoka ukumbini, akahesabu tatu, akaingia kwa haraka. Ignace, mgongo dirishani, alinyoosha mkono wote, kidole kimechongoka kwenye kigoda, akaupiga hewani mara mbili, mara tatu: pale! pale! pale!

Ishaka aliinua mkono wake wima, kama anayeinua kafi. Kisha akaufuata mkono wa Ignace. Akatembea moja kwa moja mpaka goti lake likagonga kigoda, kigoda kikaanguka, mlio ukajaa chumba.

"Mbona umekuja huku?" Ignace alipaza sauti. "Si nimekuonyesha kigoda!"

Ishaka alisimama palepale, akishika goti.

Sombe ilianza kuungua jikoni. Ignace alikuwa bado amenyoosha mkono. Alikitazama kigoda, akamtazama Ishaka, akarudi kwenye kigoda.

"Papa," alisema, taratibu sasa. "Mbona umekuja huku?"

"Kampuni walikufundisha alama za mkono?"

"Balinifundisha nini? Walinipa filimbi."

"Waongozaji wana sheria yao. Mkono wa ukingoni hauonyeshi jiwe. Unaonyesha pa kupita. Anayeuona anainua kafi, anaufuata, habishi."

Mkono wa Ignace ulishuka. Ulishuka kidogo kidogo, kama kitu kinachotolewa hewani na mtu mwingine. Alikaa sakafuni, kando ya kigoda kilichoanguka. Ishaka alikwenda kuzima jiko, maana hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Alinicheka," Ignace alisema baadaye. "Alikuwa anacheka sababu aliona ni mimi."

"Ndiyo."

"Njo maana hakubishana."

Ishaka alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaandika maelezo yote kwa herufi kubwa, kwa maneno mepesi: nani alipiga simu, alisema nini, alitoa nini, hakufundisha nini. Akamsomea mara mbili.

"Ukitia sahihi, Suhaib hatakuwa mlevi tena," alisema. "Lakini wewe wataanza na karatasi zako. Sikufichi. Na mkubwa wao atatafuta njia ya kukutupia wewe yote. Mimi sitakubali, ila mimi ni mlinzi wa geti."

Ignace alipokea kalamu kwa mkono wa kushoto. Ishaka aliona, akakumbuka kwamba mwiko aliushika kwa kulia. Sahihi ilitoka mbaya, kama ya mtoto.

"Mke wake anakaa fasi gani?" Ignace aliuliza.

"Bertrams. Nitampelekea mimi."

"Hapana, papa. Neno hili haliendi kwa karatasi."

*

Shufaa aliwapokea baada ya sala ya alasiri, kanga nyeupe ya eda kichwani, chumba kimefagiliwa mpaka kimebaki kitupu. Binti yake, Najma, wa miaka sita, aliuliza kitu kwa Kizulu kuhusu mgeni asiyetaka kukaa. Shufaa akamwambia aende kwa jirani.

Ishaka alieleza kwa utaratibu, kama alivyokuwa akitoa ushahidi mahakamani. Mikanda minne. Maji yaliyotemwa. Karatasi yenye jina la mtu aliyekuwa Park Station. Kutua kulikokatazwa. Mpishi aliyevalishwa jaketi nyekundu. Alipofika kwenye mkono, Ignace alimkata.

"Mama Najma, ni huu," alisema. Mkono wa kulia hakuutoa mfukoni.

Shufaa alimtazama muda mrefu. Ishaka aliwahi kuona wajane wakipiga, wakitapika, wakicheka. Huyu alichukua simu, akapiga Pangani, akaiweka sauti kubwa.

"Mama, shikamoo. Hakulewa, mama. Imejulikana. Alisukutua maji akayatema. Yuko mtu hapa aliyekuwapo." Akamnyooshea Ignace simu. "Mwambie wewe. Kwangu utakuja siku nyingine. Leo sina cha kukwambia."

Ignace aliishika kwa mkono wa kushoto.

"Mama," alisema. "Mama, mi njo nilikuwa juu ya mwamba. Mi njo nilimuonyesha. Nilimuonyesha vibaya. Sikujua, mama. Walinisimamisha pale na sikujua."

Halafu sauti ya mwanamke mzee, kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi:

"Alikuona?"

"Aliniona."

"Akafanya nini?"

"Aliinua kafi, mama. Akacheka."

"Akafuata?"

"Akafuata."

Ishaka alikuwa amefungua daftari, kwa mazoea tu. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa amenakili ripoti ya kampuni, na chini yake neno lile. Alilikata kwa mstari mmoja. Pembeni alianza kuandika jina la mkubwa aliyepiga simu kambini, mtu ambaye wala Ijumaa wala siku nyingine hatasomewa shtaka lolote na yeyote kwa kosa hili, kisha akasimama, kwa sababu sauti ilikuwa imerudi.

"Mwanangu alikuwa mtiifu tangu mdogo," Bi Zabibu alisema. "Shufaa."

"Abee, mama."

"Waambie watu wa msikitini. Ijumaa, baada ya sala. Waje."

Kisha, bila simu kukatwa, walisikia nyayo zikiburuzwa sakafuni, komeo likivutwa, mlango ukifunguka, na kelele za mtaa wa Pangani zikaingia zote kwa pamoja ndani ya chumba cha Bertrams: kuku, baiskeli, mtu anamwita mtu. Ignace aliishikilia simu hivyo hivyo, mbali kidogo na sikio, asijue aikate au aiache. Mkono wa kulia ulibaki mfukoni.